Sifuri huanzia kwenye daftari la mahudhurio

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatangaza matokeo ya kidato cha nne, wakuu wa shule huanza kupigiwa simu. Afisa elimu anataka maelezo: daraja la kwanza wangapi, sifuri ngapi, mkakati wa mwaka huu ni upi. Mkuu wa shule ya kata iliyo mbali na lami anaandika mkakati wake: kambi ya kitaaluma kwa kidato cha nne, majaribio ya kila wiki, vipindi vya ziada jioni. Mwaka unaofuata anaandika karibu maneno yaleyale. Kitabu ambacho kingeeleza kilichotokea kimelala kwenye meza ya mwalimu wa darasa, na hakuna anayekiulizia. Ni daftari la mahudhurio.

Nimechagua kuzitazama shule ndogo za sekondari za vijijini kutokea Kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara, kwa kuwa huko kalenda ya shule na kalenda ya shamba hugongana waziwazi. Ukitoka Nachingwea kuelekea Liwale, au ukizunguka vijiji vya Newala na Tandahimba, unazikuta zikifanana: vyumba vichache vya madarasa, ofisi ya walimu, mlingoti wa bendera, wanafunzi wa kutwa wasiozidi 150 au 200, na walimu saba au wanane wanaogawana masomo yote. Sitataja shule hata moja kwa jina. Tatizo si la shule moja, na walimu wa shule hizi wameaibishwa vya kutosha.

Tuanze na hesabu ndogo. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwanafunzi anayekosa siku mbili kila wiki hukosa karibu siku 78 kwa mwaka. Akiendelea hivyo kwa miaka minne anakosa zaidi ya siku 300, yaani zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa masomo. Mwanafunzi huyo hakufukuzwa, hakuacha shule, na jina lake limo kwenye orodha tangu siku ya kwanza mpaka siku ya mtihani. Walimu wanauita utoro wa rejareja, na ndio unaoimaliza shule ndogo kimyakimya.

Utoro sugu una utaratibu wake. Anayepotea kwa siku 90 mfululizo bila taarifa huondolewa shuleni, na kabla ya kufika huko barua hupita kwa mtendaji wa kijiji, mzazi huitwa, mgambo hutumwa. Utoro wa rejareja hauna barua. Mtoto anakuja Jumatatu, anakosa Jumanne kwa sababu ni siku ya gulio, anakuja Jumatano akiwa amechelewa vipindi viwili, Alhamisi mvua imejaza mto, Ijumaa yupo. Mwalimu wa Hisabati aliyeanza mada ya milinganyo Jumanne na kuimaliza Alhamisi hawezi kumrudia peke yake, kwa kuwa kesho yake mwingine ndiye atakayekuwa hayupo. Kwa hiyo hata wanaohudhuria kila siku hufundishwa somo lililokatikakatika.

Sababu za kukosa zinajulikana, na uvivu ni moja tu kati ya nyingi. Januari, shule zinapofunguliwa, Kusini mvua zimekolea na palizi imepamba moto. Kaya inayolima kwa jembe la mkono inahesabu mikono, na mikono ya kijana wa miaka 14 ni mikono kamili. Katikati ya mwaka ni zamu ya kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kuanzia Septemba na Oktoba korosho zinaanza kudondoka, minada inafunguliwa, na kijiji kizima kinakuwa shambani kuokota. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na mikorosho haijui ratiba ya NECTA. Msimu huo ndio pekee ambao baba anashika fedha, deni la dukani linalipwa na bati linanunuliwa. Anayemlaumu mzazi huyo kwa kumtuma mtoto shambani amwonyeshe kwanza fedha nyingine itatoka wapi.

Kuna pia wasiofika kabisa. Kila mwanzo wa mwaka wakuu wa wilaya hutangaza siku ya mwisho ya kuripoti kidato cha kwanza, kisha huiongeza, kisha huiongeza tena. Sehemu kadhaa za nchi viongozi wamelalamika kwamba wapo wazazi wanaowashawishi watoto wao wajifelishe mtihani wa darasa la saba ili jina lisitoke. Jambo hilo linauma kulisikia, lakini linaeleza kitu. Mzazi ameshatazama kijijini, ameona waliomaliza kidato cha nne wakiwa na sifuri wanarudi kuokota korosho vilevile, tena wamechelewa miaka minne, na amefanya uamuzi wake.

Anayechelewa kuripoti hupata hasara isiyoonekana. Miaka saba ya shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Sekondari kila kitu kinageuka kuwa Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na masomo machache. Ili kumvusha, shule huanza kidato cha kwanza kwa wiki kadhaa za kozi ya awali ya Kiingereza kabla ya kuingia kwenye silabasi. Anayeripoti mwishoni mwa Februari au Machi anakuta kozi imekwisha. Anaketi kwenye kipindi cha Biolojia na kunakili ubaoni maneno asiyoyajua, herufi kwa herufi, na mwandiko wake ni mzuri sana. Atafanya hivyo miaka minne. Kijana huyohuyo ukimpa mada ya insha kwa Kiswahili anaandika kurasa tatu zenye hoja, halafu kwenye Historia anaacha karatasi nyeupe, ingawa jibu la Vita vya Majimaji amelisikia kwa babu yake. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba lugha ya kufundishia sekondari ni dhuluma tunayowafanyia watoto wa vijijini kuliko wengine wote, kwa sababu mtoto wa mjini walau hukutana na Kiingereza nje ya darasa.

Turudi nyuma kidogo, maana shule hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2004 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na mwaka 2006, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, ujenzi wa shule za kata ulipamba moto nchi nzima. Wananchi walibeba mawe, wakachota maji, wakafyatua matofali. Kabla ya hapo mtoto wa Liwale aliyefaulu darasa la saba alikuwa mmoja wa wachache waliopata nafasi. Kwa hiyo nakataa mzaha wa watu wa mjini wanaozibeza shule za kata. Wapo wauguzi, walimu na mafundi wengi leo ambao bila shule hizo wasingeliona darasa la sekondari. Lakini majengo yalitangulia; walimu, maabara, nyumba na vitabu viliahidiwa kufuata, na kwingi vilifuata kwa kusuasua. Mwaka 2013 nchi ilipigwa na butwaa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalionyesha takribani asilimia 60 ya watahiniwa wamepata sifuri. Tume iliundwa, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Tangu hapo takwimu za kitaifa zimepanda sana.

Zinapopandishwa, tuangalie zinapimwa kwa kipimo gani. Alama ya D inaanzia 30. Mtahiniwa mwenye D mbili na F tano katika masomo yake saba bora ana pointi 33, na pointi 33 ni daraja la nne, na daraja la nne huhesabiwa kuwa kafaulu. Kwa kipimo hicho shule inaweza kutangaza kwamba imefuta sifuri huku wahitimu wake wengi hawawezi kusoma maelekezo ya dawa kwa Kiingereza wala kukokotoa asilimia. Ili kwenda kidato cha tano mtu anahitaji angalau krediti tatu, yaani masomo matatu ya C au zaidi. Kati ya D mbili na C tatu kuna bonde, na humo ndimo wengi wa watoto wa shule ndogo wanamoishia. Hisabati peke yake inasimulia mengi: kitaifa, katika miaka ya karibuni, wanaofaulu wamekuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne.

Shule ndogo ina tatizo jingine la takwimu. Darasa la watahiniwa 20 likipata sifuri mbili, hiyo ni asilimia 10; zikiongezeka mbili mwaka unaofuata, wilaya inasema shule imeporomoka. Watoto wawili tu: mmoja aliuguliwa na mama, mwingine alipata ujauzito. NECTA yenyewe, ilipokuwa ikipanga shule kwa nafasi, iliwahi kuzitenga zenye watahiniwa chini ya 40 katika kundi lao, na tangu Januari 2023 imeacha kutangaza shule kumi bora. Ulikuwa uamuzi mzuri. Ila wilayani upangaji unaendelea, na mwalimu wa taaluma wa shule ya watahiniwa 20 anasimamishwa kwenye kikao pamoja na mwenzake wa shule ya 200, waulizwe swali moja.

Sasa chakula. Hapa nataka kukaa, kwa sababu nadhani ndipo penye ufunguo.

Mwanafunzi wa kutwa anayetoka kijiji cha pili anaondoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awahi mstarini. Hajanywa kitu. Vipindi vinaanza saa 2 asubuhi na kumalizika saa 8 au saa 9 mchana, kisha anatembea tena. Shule ikiwa na makande saa 6 mchana, mtoto huyo anabaki. Isipokuwa nayo, ama anatoroka saa ya mapumziko kutafuta maembe na mihogo, ama anabaki akiwa amelala juu ya dawati. Muulize mwalimu yeyote aliyefundisha kipindi cha saba kwenye shule isiyo na chakula, atakwambia kwamba alikuwa anaufundisha ukuta.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa ilifutwa na serikali ikaanza kuifidia. Ilikuwa nafuu kubwa, na watoto wengi wakaandikishwa. Lakini kijijini neno lililofika ni kwamba shule ni bure. Mkuu wa shule aliyeitisha mkutano kuomba debe la mahindi na kilo chache za maharage aliambiwa anakwenda kinyume na Rais. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, akiwa na hasira ya haki juu ya wazazi waliokuwa wakinyanyaswa na watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani. Baadaye ilifafanuliwa kwamba wazazi wanaweza kukubaliana kwa hiari na mwalimu asishike fedha. Ufafanuzi haukutembea kwa kasi ya marufuku. Kwingi masufuria yaliinuliwa mekoni, na zipo shule ambazo hayajarudi.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kila shule iwe na shamba. Kazi za shamba mpaka leo wanafunzi huziita EK, na mara nyingi huziona kama adhabu. Ekari tatu za mahindi na moja ya kunde, zikilimwa kwa trekta la kukodi na si kwa kuwapotezea watoto vipindi, zinaweza kupunguza sana mzigo wa mzazi. Ardhi Lindi ipo. Kinachokosekana ni fedha ya trekta, ghala lisiloingiza panya, na mtu wa kupika anayelipwa.

Fedha, basi. Elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji, ambayo walimu wanaiita kapitesheni, iliwekwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake ikibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 150 inapata 12,500 mara 150, yaani shilingi 1,875,000, pamoja na fidia ya ada shilingi milioni 3. Jumla haifiki milioni 5 kwa mwaka mzima, kwa chaki, karatasi za mitihani, mlinzi, ukarabati na nauli ya mkuu wa shule kwenda wilayani. Shule yenye wanafunzi 900 inapata mara sita ya hapo, wakati mlinzi ni mmoja kote kuwili na paa linavuja kwa namna ileile. Kutoa kwa kichwa kunaonekana haki, lakini kunaikaba shule ndogo. Panatakiwa kiwango cha chini ambacho shule yoyote itapata kabla ya kuhesabu vichwa.

Walimu nao ni hivyohivyo. Shule hizi haziishiwi walimu wa sanaa. Zinaishiwa wa Fizikia na Hisabati. Akipangwa mmoja, anafika, anakuta hakuna nyumba, anapanga chumba kijijini, na baada ya muda anahama kumfuata mwenza. Shule kubwa ikipoteza mwalimu mmoja wa Hisabati inabaki na wengine. Shule ndogo ikimpoteza, somo limekufa mpaka ajira zijazo, na kidato cha nne hawatapata wa kuwavusha. Mnamhoji vipi mtoto kwa utoro, wakati somo lenyewe halina wa kulifundisha?

Wasichana wana mlango wao wa kutokea, na ni mpana. Wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba karibu na shule, mageto, msichana wa miaka 15 akijipikia na kujilinda mwenyewe, huku mwenye bodaboda akimpa lifti ya bure kila jua linapokuwa kali. Tangu 2016 sheria inampa anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Kesi nyingi hufia kijijini, familia mbili zikielewana. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi kwenye shule rasmi, na huo ni kati ya maamuzi bora ya elimu ya miaka hii. Lakini mwenye mtoto mchanga kilomita nane kutoka shuleni amepewa ruhusa tu, njia hajapewa. Na wale ambao hawajapata mimba hukosa siku kadhaa kila mwezi kwa sababu choo hakina maji na taulo za kike ni ghali. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019.

Bweni dogo la wasichana 40 linaweza kubadili daftari zima la mahudhurio ya shule kama hii. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa 2020, imekuwa ikijenga shule mpya za sekondari kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, ili kupunguza umbali. Ni jambo la heri. Hofu yangu ni kwamba tutarudia ya 2006: kujenga shule nyingine ndogo isiyo na jiko, bweni wala nyumba ya mwalimu wa Hisabati, halafu baada ya miaka minne tuipigie simu Januari kuuliza mkakati.

Udogo wa shule ni neema pia, na hilo halisemwi. Katika shule ya wanafunzi 150 kila mwalimu anamjua kila mtoto, anajua anakaa kwa bibi au kwa baba wa kambo, anajua ni nani anayekosa kila siku ya gulio. Shule kubwa ya mjini haiwezi kujua hayo hata ikitumia kompyuta. Mwalimu wa darasa akipewa muda, vipindi vichache zaidi, na nauli ya bodaboda, anaweza kufika kwa mzazi siku ya tatu ya utoro badala ya siku ya tisini. Mzazi anayetembelewa na mwalimu kwa heshima husikiliza. Anayetembelewa na mgambo hulipa faini na kumficha mtoto shambani.

Halmashauri za mikoa ya korosho zina mapato ambayo wengine hawana: ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei, na korosho zinapouzwa vizuri fedha hiyo si ndogo. Sheria tayari inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga fungu lisiloguswa si jambo geni. Waheshimiwa madiwani, mtakapokaa kupitisha bajeti, tengeni fungu la chakula cha mchana kwa shule za kata zenye wanafunzi wachache, na mwaka unaofuata la bweni moja la wasichana. Maafisa elimu, hitajini taarifa ya mahudhurio ya kila darasa mwishoni mwa Machi, kwa ukali uleule mnaohitaji matokeo Januari, na mpange kozi ya awali ya Kiingereza irudiwe kwa waliochelewa kuripoti. Nawe mzazi wa Kusini unayesoma haya au utakayesomewa, mkutano wa shule ukiitishwa nenda, na uulize mambo mawili: mwanangu amekosa siku ngapi muhula huu, na jiko linawashwa lini.